Skripti iliyokwama kwenye NG'OMBE: kisa cha picha za duka la kanga

Duka liko Kariakoo, Dar es Salaam, na linauza kanga na vitenge kwa jumla na rejareja. Mwenye duka ni mama mtu mzima anayezijua kanga kwa kuzishika. Binti yake ndiye anayewahudumia wateja wa mtandaoni: wa mikoani, wa Nairobi na Mombasa, wa Muscat, na Waswahili walioko Ulaya na Marekani ambao harusi ikikaribia huagiza doti kwa doti. Wateja hawa hununua kwa macho tu. Wanataka kuona mji wa kanga, pindo lake na rangi yake, na zaidi ya yote wanataka kulisoma jina. Hakuna anayemnunulia mkwewe kanga bila kujua imeandikwa nini.

Binti na kijana mmoja wa dukani walipiga picha kama elfu mbili. Nyingi zilitoka kwenye kamera ya Canon, nyingine kwenye simu ya Android ya binti, na za simu binti alizituma kwa WhatsApp ili kuepuka usumbufu wa waya. Zote zikarundikwa kwenye folda moja. Kijana akaanza kuzipa majina kwa mkono, moja moja, akichukua maneno ya kanga kuwa jina la faili: `MGENI NJOO MWENYEJI APONE.jpg`, `SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.jpg`, `NG'OMBE HAELEMEWI NA NUNDUYE.jpg`. Akachoka kabla hajafika nusu. Zilizobaki zikaendelea kuitwa `IMG_` na namba, kama kamera na simu zilivyoziita. Kwa kuwa picha zilikuwa nzito mno kwa tovuti, akaona azipunguze zote kwanza, majina yatafuata. Kwenye kompyuta yake yenye Linux akaandika mstari huu:

```
ls | xargs -n1 mogrify -resize 800x800
```

Nilipoitwa, tovuti ilikuwa na picha zilizolala ubavu, zenye herufi zisizosomeka, na mama alikuwa amekwisha kupeleka baadhi yake kwa mchapishaji wa katalogi na kurudishiwa. Ninaandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mstari ule wanaouandika ni wengi, na makosa yake yana mafunzo ambayo skripti nyingi nilizoziona (yaani amri zilizoandikwa kwenye faili ili ziendeshwe kwa pamoja) zinayahitaji. Kompyuta inaweza kupunguza picha elfu mbili bila kuchoka. Haiwezi kujua picha ni ya kanga ipi. Mambo yaliharibika pale kazi hizo mbili zilipochanganywa, na pale picha za asili zilipoguswa.

Tuanze na kilichotokea hasa, maana folda ile ilikuwa na ushahidi wote. `mogrify` ni moja ya amri za ImageMagick, mkusanyiko wa programu huria za picha ulioanza kusambazwa mwaka 1990. Kazi yake ni kubadilisha picha na kuandika matokeo juu ya faili lile lile. Haiulizi, haiachi nakala. Ukitaka isiguse asili lazima uipe `-path` na folda nyingine. Kijana hakuipa.

`xargs` nayo hupokea orodha ya maneno na kuikabidhi amri nyingine. Kwa kawaida yake, nafasi tupu kati ya maneno ni mpaka: `MGENI NJOO MWENYEJI APONE.jpg` kwake si faili moja, ni maneno manne, na kila neno ikalikabidhi kwa `mogrify` kana kwamba ni faili. Hakuna faili liitwalo `MGENI`, hakuna liitwalo `NJOO`. Ndiyo maana faili zenye maneno ya kanga hazikuguswa. Kila moja iliyofikiwa ilileta rundo la malalamiko kwenye skrini na kupita salama. Zile za `IMG_`, ambazo majina yao hayana nafasi, zikapunguzwa moja baada ya nyingine.

`ls`, amri inayoorodhesha faili za folda, hupanga kwa alfabeti. Baada ya I zikaja za J, za M, kisha N, na hapo amri ikafa:

```
xargs: unmatched single quote; by default quotes are special to xargs unless you use the -0 option
```

Ritifaa ya ng' ndiyo iliyoisimamisha. Kwa `xargs`, alama hiyo inafungua nukuu, na nukuu ikifunguliwa lazima ifungwe kabla ya mwisho wa mstari. NG'OMBE wa kanga ile hana ritifaa ya pili. Anayeandika skripti kwa faili zenye majina ya Kiswahili akumbuke kwamba ng' ni sauti ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, king'ora. Mfano ulionakiliwa kutoka kwenye maelezo ya watu wasioandika ritifaa katikati ya neno utafanya kazi vizuri mpaka siku utakapokutana na ng'ombe. Dawa yake ni kutotumia `ls` kulisha `xargs` kabisa, bali `find` yenye `-print0` ikifuatana na `xargs -0`, ambapo mpaka kati ya majina ni baiti ya sifuri, alama isiyoweza kuwemo ndani ya jina la faili lolote.

Kijana alipoona skrini imejaa malalamiko alidhani hakuna kilichofanyika, akaiendesha tena. Picha za `IMG_` zikasagwa mara ya pili. JPEG hutupa sehemu ya taarifa kila inapohifadhiwa upya, hata vipimo visipobadilika, na uharibifu huo haurudishiki. Picha ya kamera iliyokuwa na pikseli 6000 kwa 4000 ikawa ya 800 kwa 533. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kipimo ambacho wachapishaji wengi hukitaka, ile ya asili inafikia upana wa sentimita 50; ya pikseli 800 haifiki hata sentimita saba. Mchapishaji alikuwa na haki ya kuzirudisha.

Bahati ni kwamba kadi ya kamera ilikuwa haijafutwa. Picha zote za Canon zikapatikana humo, nzima. Za simu tulizichukua kwa waya kutoka kwenye simu yenyewe, kwa sababu zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida zilikuwa zimekwisha kubanwa na kuondolewa taarifa za saa na kamera hata kabla ya `mogrify` kuzifikia. (Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, tuma kama hati, hapo faili linafika kama lilivyo.) Chache binti alikuwa amekwisha kuzifuta simuni, na kanga zake zilikuwa zimeuzwa zote. Hizo zimebaki na pikseli 800, na baadaye zikapewa alama yao.

Kabla ya skripti yoyote niliunda folda iitwayo `asili`, ndani yake `kamera` na `simu`, kila chanzo mahali pake. Kuchanganya vyanzo ni hatari kuliko inavyoonekana: kaunta ya kamera ni ya tarakimu nne, ikifika 9999 inarudi 0001, kwa hiyo picha mbili tofauti kabisa zinaweza kuitwa `IMG_0731.JPG`, na ya pili ikaifunika ya kwanza wakati wa kunakili. Kisha nikaifunga folda isiandikike na kuchukua alama ya kila faili, yaani msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye baiti zake:

```
find asili -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > asili.sha256
chmod -R a-w asili
```

Wakati wowote baadaye, `sha256sum -c --quiet asili.sha256` inathibitisha kwamba hakuna hata baiti moja iliyobadilika. Isipoandika kitu, asili ni salama. Nakala nyingine ya folda nzima iko kwenye diski ya nje ambayo mama anakaa nayo nyumbani.

Sasa suala la ukubwa. Mtu akiambiwa apunguze picha za tovuti hutaja namba aliyoizoea, 800 au 1024, bila kuuliza mtazamaji anatafuta nini. Hapa mtazamaji anatafuta maandishi. Kanga ina upana wa kama sentimita 150 na urefu wa kama 110. Ukiipiga picha imeenea fremu yote na kuipunguza mpaka pikseli 800, kila sentimita ya kitambaa inapata pikseli tano hivi. Herufi yenye kimo cha sentimita tatu inapata pikseli 15 au 16, na unene wa mstari unaochora herufi ni pikseli mbili au tatu. Hapo E na F zinaanza kufanana. Kwa pikseli 1600 herufi hiyo hiyo ina kimo cha pikseli zaidi ya 30, na inasomeka kwenye simu bila kukuza. Ndiyo sababu tulichagua 1600 kwa upande mrefu. Hata hivyo pikseli ni mara 14 chache kuliko zile za kamera, kwa hiyo mzigo wa tovuti unapungua sana.

Ila pikseli peke yake haikutosha, na hili lilinichukua muda kulitambua kwa macho. Herufi nyekundu juu ya mandhari nyeusi zilikuwa na ukungu pembeni hata kwa 1600, huku nyeusi juu ya nyeupe zikiwa kali kabisa. JPEG huhifadhi mwangaza na rangi kando kando. Kwa kuwa jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza kuliko kwa rangi, programu nyingi hupunguza taarifa za rangi nusu kwa upana na nusu kwa urefu, mpangilio uitwao 4:2:0. Kwa picha ya ufukwe au ya sura ya mtu hutaona tofauti. Lakini nyekundu na nyeusi zinatofautiana zaidi kwa rangi kuliko kwa mwangaza, na maandishi ya kanga yamejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Ukiipunguza rangi, umelipunguza jina. Dawa ni kuiambia ImageMagick itumie 4:4:4, yaani rangi ibaki kamili. Faili linaongezeka uzito kidogo, na mimi nasema uzito huo ulipwe. Kwa duka la kanga, picha isiyosomeka haina kazi.

Picha zilizolala ubavu zina sababu nyepesi. Simu ikishikwa wima haigeuzi pikseli. Huandika kwenye EXIF, yaani taarifa zinazobebwa ndani ya faili la picha, kwamba picha igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Skripti ikifuta EXIF kabla ya kugeuza, maagizo yanapotea na picha inabaki imelala. `-auto-orient` hugeuza pikseli zenyewe, na lazima itangulie. EXIF yenyewe ni lazima iondoke: binti alipiga baadhi ya picha nyumbani, na simu ilikuwa ikiandika humo latitudo na longitudo za nyumba yao. Lakini wengi huiondoa kwa `-strip`, ambayo hufagia pia wasifu wa rangi. Simu kadhaa za siku hizi huandika picha katika wigo mpana wa rangi uitwao Display P3, na wasifu ukiondolewa kivinjari hudhani ni rangi za kawaida na nyekundu ya kanga inapauka. Mteja wa Muscat anapokea kitambaa kisichofanana na alichokiona. Kwa hiyo tulitumia `+profile '!icc,*'`: ondoa kila kitu isipokuwa wasifu wa rangi.

Alama ndogo ya `>` katika `'1600x1600>'` inasema punguza iliyo kubwa tu, ndogo usiikuze. Izungushie nukuu. Bila nukuu, terminali (dirisha la kuandikia amri) inaisoma kama agizo la kuandika kwenye faili, na utaona mambo ya ajabu.

Mpaka hapa ni upande wa kompyuta. Upande wa majina ndio uliotaka kikao, na kikao hicho mama ndiye aliyekiongoza.

Kijana aliona ni jambo la wazi kwamba kanga inatambulika kwa jina lake, na kwenye mazungumzo ya dukani ndivyo ilivyo. Kwa faili haiwezekani. Maneno yale yale yanaweza kuchapwa kwenye miji tofauti, na mji ule ule ukatoka kwa rangi nne. Kanga nyingine za mitindo ya zamani hazina maandishi kabisa, na nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Yapo majina yenye alama ya kuuliza, na Windows pamoja na flashi nyingi zilizofomatiwa kwa exFAT hukataa alama hiyo kwenye jina la faili. Kompyuta ya dukani ni Windows. Kwenye anwani ya tovuti kila nafasi tupu inageuka `%20`. Juu ya hayo, kila kanga ilipigwa picha tatu: nzima, jina kwa karibu, na pindo kwa karibu.

Tulikubaliana hivi: kila kanga, kwa mji wake na rangi yake, inapewa namba moja isiyobadilika, na faili linabeba namba hiyo na sehemu iliyopigwa. `K0412-zima.jpg`, `K0412-jina.jpg`, `K0412-pindo.jpg`. Maneno ya kanga, rangi, bei na idadi ya doti vinakaa kwenye jedwali, ambako ritifaa na alama ya kuuliza hazimdhuru mtu na kosa la tahajia linasahihishwa bila kugusa faili. Tarakimu ni nne zenye sifuri mbele, ili K0010 isiitangulie K0002. Herufi K ina kazi yake pia: programu za majedwali zikiona 0412 hudhani ni hesabu na kubakiza 412, zikiona K0412 haziigusi. Herufi za sehemu na kiambishi cha `.jpg` ni ndogo daima, kwa kuwa seva ya tovuti ni Linux na kwake `K0412-zima.JPG` na `K0412-zima.jpg` ni faili mbili.

Basi nani aseme kwamba `IMG_0731.JPG` ni picha ya jina la K0412? Binti. Alikuwa na daftari la mpangilio wa upigaji, na alichohitaji ni picha za kamera na za simu zipangwe kwa saa, kwa mfuatano mmoja. Hapo ikajitokeza kwamba kamera ilikuwa nyuma ya simu kwa saa sita kamili. Aliyeiwasha mara ya kwanza alitazama saa ya ukutani kwa Kiswahili, saa nne asubuhi, akaiwekea kamera 04:00, wakati simu ilisema 10:00. ExifTool, programu iliyoanzishwa na Phil Harvey mwaka 2003, inaweza kusoma saa na kuzisogeza wakati wa kusoma tu, bila kuandika chochote kwenye picha:

```
exiftool -T -FileName -DateTimeOriginal -globalTimeShift "0:0:0 6:0:0" asili/kamera > kamera.tsv
```

Orodha mbili zikaunganishwa na kupangwa, na pembeni yake nikamtengenezea binti kurasa za picha ndogo ndogo kwa amri ya `montage`, kila picha na jina la faili chini yake. Akakaa na daftari, kurasa na jedwali, akajaza namba na sehemu. Kazi hii ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote, na hakuna skripti ambayo ingemwondolea. Jedwali likatoka na safu nne zilizotenganishwa kwa tabo: faili (pamoja na folda lilimo, `kamera` au `simu`), namba, sehemu na hali. Zile picha chache zisizo na asili zikaandikiwa `ndogo` kwenye safu ya hali, zisije zikapelekwa tena kwa mchapishaji.

Kabla ya kuendesha chochote, jedwali lenyewe linakaguliwa:

```
cut -f2,3 orodha.tsv | sort | uniq -d
```

Mstari huu huonyesha jozi ya namba na sehemu iliyojirudia. Ikitokea hata moja, maana yake picha mbili zinagombea jina moja, na binti anarudi kwenye daftari. Baada ya hapo ndipo skripti:

```
#!/usr/bin/env bash
set -uo pipefail

asili="asili"
tovuti="tovuti"
orodha="orodha.tsv"
muda="$tovuti/muda.jpg"

mkdir -p "$tovuti"

while IFS=$'\t' read -r faili namba sehemu hali || [ -n "$faili" ]; do
  chanzo="$asili/$faili"
  lengo="$tovuti/$namba-$sehemu.jpg"

  if [ ! -f "$chanzo" ]; then
    echo "HAIPO: $chanzo" >&2
    continue
  fi
  if [ -e "$lengo" ]; then
    continue
  fi

  if convert "$chanzo" -auto-orient -resize '1600x1600>' \
       +profile '!icc,*' -sampling-factor 4:4:4 -quality 85 "$muda"
  then
    mv -n "$muda" "$lengo"
    printf '%s\t%s\n' "$faili" "$lengo" >> kumbukumbu.tsv
  else
    echo "IMESHINDIKANA: $chanzo" >&2
  fi
done < <(tr -d '\r' < "$orodha")
```

Nitafafanua vipande vichache tu. `convert` ni jina la amri katika toleo la 6 la ImageMagick, ambalo ndilo lililokuwa kwenye Ubuntu niliyotumia. Katika toleo la 7 andika `magick`. Kwenye Windows usitumie `convert` hata kidogo, kwani mfumo una programu yake ya jina hilo inayobadilisha mfumo wa faili wa diski.

`tr -d '\r'` iko pale kwa sababu jedwali liliandaliwa kwenye Windows, ambako kila mstari huishia kwa alama mbili. Linux huiona ile ya ziada kama sehemu ya neno la mwisho, na bila kuifuta, alama isiyoonekana ingeganda mwishoni mwa safu ya mwisho, ambayo kwa orodha isiyo na safu ya hali ingekuwa ile ya sehemu, na hivyo ingeingia kwenye jina la faili jipya. Kile kipande cha `|| [ -n "$faili" ]` kinaokoa mstari wa mwisho wa jedwali, ambao `read` huuruka kimyakimya ukikosa alama ya kufunga mstari.

Faili la `muda.jpg` linahusu umeme na betri. Skripti hii inaruka picha iliyokwisha kutengenezwa, ili ikikatika njiani uiendeshe tena na iendelee ilipoishia. Lakini kama kompyuta ingezimika katikati ya kuandika `K0412-zima.jpg`, nusu ya picha ingebaki pale, na safari ya pili skripti ingeiona, ikaamini ni kamili, ikapita. Kwa kuandika kwanza kwenye faili la muda na kulipa jina lake halisi baada ya kukamilika, chochote chenye jina kamili ni picha kamili. `mv -n` inakataa kufunika faili lililopo. Na `kumbukumbu.tsv` inaeleza kila picha ya tovuti imetoka kwenye faili lipi la asili, jambo ambalo kijana hakuwa nalo alipotakiwa kueleza kilichopotea.

Tulianza na mistari ishirini ya jedwali, si elfu mbili. Tukazifungua picha zote ishirini, za simu na za kamera, za wima na za mlalo, tukaziangalia kwenye simu ya kawaida ya mkononi. Kisha zote. Idadi ya faili ikalinganishwa na idadi ya mistari, na alama za asili zikahakikiwa.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wa mama. Niliandaa kurasa za `montage` za picha mpya, safu tatu kwa kila kanga: nzima, jina, pindo. Alizipitia dukani, kati ya mteja na mteja, kwa kasi iliyonishangaza. Kwenye ukurasa mmoja akaweka kidole juu ya picha ya tatu.

"Hii si yake, mwanangu. Mji huu una mikorosho myembamba, na pindo hili ni la korosho nene. Hilo pindo ni la ile ya kijani."

"Shikamoo mama, lakini daftari linasema ni yake," binti alimwambia, huku akicheka.

"Marahaba. Daftari limeandikwa na nani?"

Ilikuwa kweli. Mistari miwili ilikuwa imepishana kwenye daftari, na kuanzia hapo kanga kadhaa zilikuwa zimebeba pindo la jirani yake. Hakuna ukaguzi wa kompyuta ambao ungelinasa kosa lile: namba zote zilikuwepo, hakuna iliyojirudia, hakuna faili lililokosekana. Binti akarekebisha mistari ya jedwali, tukafuta faili zilizohusika ndani ya `tovuti`, tukaendesha skripti tena. Kwa kuwa asili hazikuguswa, marekebisho yote yalikuwa ni kubadilisha maneno kwenye jedwali na kusubiri dakika chache.

Katalogi ya kuchapishwa imetumia jedwali hilo hilo na skripti hiyo hiyo, isipokuwa `-resize` imeondolewa, ubora umepandishwa kuwa 95, folda ya matokeo ni nyingine, na mistari yenye `ndogo` inarukwa.

Robota jipya likifika dukani sasa utaratibu ni tofauti. Binti anafungua namba mpya kwenye jedwali kabla ya kanga kufunuliwa, anachapa kadi yenye msimbo wa QR wa namba hiyo, na picha ya kwanza ya kila kanga ni ya kadi. Baadaye `zbarimg --raw -q` inasoma misimbo, na kila picha inayofuata kadi inapewa namba ya kadi iliyoitangulia, kwa mpangilio ule ule wa zima, jina, pindo. Orodha inajazwa bila daftari. Karatasi yenye plastiki ya kung'aa ilituletea taabu kwa sababu taa ya dukani iliakisi katikati ya msimbo, kwa hiyo kadi sasa zinachapwa kwenye karatasi isiyong'aa. Pale `zbarimg` isipoambulia kitu, safu ya namba inaachwa tupu kwa picha zote mpaka kadi inayofuata, na binti anazijaza yeye mwenyewe.